Mimea ya jangwani katika nyumba za Pwani: Namna ya kukabili unyevunyevu

MWENYE nyumba yeyote wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja anaijua habari ya chumvi kulowa. Ifikapo miezi ya masika, chumvi iliyoachwa mezani jioni ikiwa kavu hukutwa asubuhi imeshikamana, na kikopo chake kimetoa jasho. Wengine huichanganya na punje chache za mchele ili iendelee kumwagika vizuri.

Jambo hilo lina maelezo yake ya kisayansi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka pale unyevunyevu wa hewa unapovuka asilimia 75 hivi. Hivyo kikopo cha chumvi ni kipimo cha hewa ambacho kila jiko linacho, ingawa ni wachache wanaokisoma kwa nia hiyo.

Hewa hiyo hiyo ndiyo inayoizunguka mimea ya sakulenti, ambayo imekuwa pambo la kawaida katika sebule, ofisi na mapokezi ya hoteli mijini. Sakulenti ni mimea yenye majani, mashina au mizizi minene iliyoumbwa kuhifadhi maji. Kundi hilo ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Limo waridi la jangwani, limo sansevieria na kalanchoe, umo mshubiri ambao uchungu wake umeingia katika misemo ya Waswahili, na imo mipungate ya kila namna.

Umo pia mkonge. Mmea huo wa asili ya Mexico uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 iliyonusurika safari ndiyo iliyopandwa karibu na Pangani na kuzaa mashamba makubwa ya Tanga. Pangani si jangwa. Ni mji wa mdomo wa mto, kando ya bahari, ambako hewa ni nzito mwaka mzima, na mkonge ulistawi.

Mfano huo unafaa kukumbukwa na kila anayeukuta mmea wake wa sebuleni umelainika, umekuwa wa manjano na kuanguka juu ya chungu. Jambo la kwanza linalosemwa ni kwamba hewa ya Pwani ndiyo iliyouua, na kwamba mimea hiyo haifai kwa watu wa Pwani. Lawama hiyo ina nusu ya ukweli tu. Hewa yenye unyevunyevu, peke yake, huua sakulenti chache sana. Kinachoua ni udongo ambao hewa hiyo imeuzuia usikauke, ndani ya chungu ambacho mwenyewe ameendelea kukimwagia maji kwa ratiba.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua nini kifanyike. Anayeamini kwamba adui ni hewa atanunua mashine ya kukausha hewa au atakata tamaa. Anayejua kwamba adui ni udongo uliolowa atabadili chungu, mchanganyiko wa udongo na mkono wake wa kumwagilia, na kwa kawaida hayo hayamgharimu sana.

Majangwa yenye ukungu

Ushahidi wa kwanza unatoka katika majangwa yenyewe. Si kila jangwa lina hewa kavu. Pwani ya Namib, nchini Namibia, hufunikwa mara kwa mara na ukungu mzito unaoingia kutoka bahari ya Atlantiki, na hali ni kama hiyo katika jangwa la Atacama huko Chile, mahali panapohesabiwa miongoni mwa pakavu zaidi duniani kwa kipimo cha mvua. Huko huota mipungate ya jamii ya Copiapoa, ambayo asubuhi nyingi hulowa kwa ukungu bila kuona mvua kwa muda mrefu. Haiozi, kwa sababu ardhi iliyo chini yake ni mawe na changarawe, upepo haukatiki, na jua likichomoza hukausha kila kitu.

Ushahidi wa pili uko karibu zaidi. Rhipsalis baccifera ndiyo mpungate pekee unaoota kwa asili katika bara la Afrika bila kupandwa na mtu, na makazi yake si jangwa bali misitu yenye mvua, ikiwamo ya Afrika Mashariki, ambako hunin'ginia kwenye matawi ya miti. Mizizi yake haimo ardhini. Imeshikilia gome la mti, mahali ambapo maji hayatuami hata mvua ikinyesha siku nzima.

Upo pia mmea wa Zamioculcas zamiifolia, ule wenye vijiti vinene na majani ya kijani yanayong'aa ambao hukaa kwenye pembe za ofisi nyingi. Asili yake ni ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya, kupita Tanzania pamoja na Zanzibar, hadi Afrika Kusini. Ulikuwa unajulikana na wataalamu wa mimea wa Ulaya tangu karne ya 19, lakini ulipata soko pale wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990. Leo mkazi wa Mikocheni au Nyali anaweza kuununua kwa bei ya mmea wa kigeni, ilhali ndugu zake wanaota vichakani saa chache kutoka mlangoni kwake. Mmea huo hauna ugomvi wowote na hewa ya Pwani. Ukioza, sababu ni maji yaliyolala kwenye mizizi.

Hesabu ya hewa

Ili kuelewa kwa nini udongo wa chungu hukauka taratibu Pwani, sharti kutazama hewa inavyobeba maji. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke kabla ya kushiba. Ikiwa unyevunyevu ni asilimia 75, tayari imebeba karibu gramu 23, na nafasi iliyobaki ni ya gramu saba au nane tu.

Hewa ya nyuzi 20, mfano wa zile zinazopatikana katika miji ya nyanda za juu kama Arusha au Nairobi, hubeba gramu 17 ikishiba. Unyevunyevu wake ukiwa asilimia 50, nafasi iliyobaki inazidi gramu nane. Kwa hiyo hewa ya baridi ya Arusha inaweza kuvuta maji kutoka kwenye udongo kwa nguvu sawa na hewa ya joto ya Dar es Salaam, au hata kuizidi, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Usiku tofauti hukua. Hewa ya Dar es Salaam katika usiku wa masika, ikiwa nyuzi 25 na unyevunyevu wa asilimia 95, hubakiwa na nafasi ya gramu moja na kidogo tu. Kwa saa nyingi kati ya machweo na asubuhi, chungu kilicholowa hubaki kimelowa.

Ndiyo maana mmea ulionunuliwa kutoka bustani ya nyanda za juu, ukaletwa mjini pamoja na maelekezo ya kuumwagilia kila wiki, hufa mikononi mwa mtu aliyeyafuata maelekezo hayo kwa uaminifu. Maelekezo yalikuwa sahihi yalikotoka.

Anayetaka uhakika anaweza kununua haigromita, kifaa kidogo cha kupima unyevunyevu ambacho huuzwa pamoja na vipimajoto vya ukutani. Vingi vya bei nafuu hukosea, na hapo chumvi hufaa tena. Kifuniko cha chupa ya soda hujazwa chumvi, huongezwa matone machache ya maji hadi iwe kama uji mzito, kisha huwekwa pamoja na haigromita ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Baada ya kulala humo usiku mzima, kifaa kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 68, mwenyewe atajua kwamba daima anapaswa kuongeza saba.

Mmea unaovuta hewa usiku

Kuna sababu nyingine inayofanya usiku wa Pwani uwe mgumu kwa baadhi ya sakulenti, nayo inahusu namna mimea hii inavyoishi.

Mimea mingi hufungua vijitundu vya majani yake mchana ili kuingiza hewa ya ukaa kwa ajili ya usanisinuru. Sakulenti nyingi hufanya kinyume. Mchana hujifunga ili zisipoteze maji, na usiku hufungua, zikaivuta hewa ya ukaa na kuihifadhi ndani ya majani kama tindikali hadi jua litoke.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kuliona jambo hilo ni Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyeishi India, ambaye taarifa yake ilichapishwa London mwaka 1815. Alibaini kwa ulimi wake tu kwamba jani la mmea ambao leo huitwa Kalanchoe pinnata huwa chachu asubuhi, na kufikia adhuhuri uchachu huo huwa umetoweka. Tindikali iliyokusanywa usiku ilikuwa imetumika.

Utaratibu huo hufanya kazi vizuri zaidi pale usiku unapokuwa na ubaridi. Katika Januari hadi Machi, wakati upepo wa kaskazi unavuma na usiku wa Dar es Salaam au Mombasa haupoi sana, sakulenti za milimani huchoka. Echeveria, ile yenye majani yaliyojipanga kama ua la waridi, asili yake kubwa ni nyanda za juu za Mexico, ambako mchana huwa na jua kali na usiku huwa na baridi. Ikiwekwa kwenye sebule ya Pwani yenye mwanga hafifu hurefuka shingo, hupoteza rangi, na mara nyingi huoza katika msimu wake wa kwanza wa mvua.

Ukweli huu hauna budi kusemwa kwa anayetaka kununua: si kila sakulenti inafaa kila mahali, hata ikitunzwa vema. Lithops, vimmea vya Afrika Kusini na Namibia vinavyofanana na kokoto, ambavyo msafiri Mwingereza William Burchell alivikuta mwaka 1811 baada ya kudhani ameokota jiwe, ni mtihani mgumu Pwani. Majani yao mapya hunywa maji yaliyomo katika majani ya zamani, na tone linaloongezwa wakati huo linaweza kuyapasua.

Kwa upande mwingine, sansevieria, Zamioculcas, mnyaa, waridi la jangwani, mshubiri na Euphorbia milii yenye miiba, ambayo asili yake ni Madagaska, zote zinavumilia joto la usiku. Mshubiri unaolimwa duniani kote, Aloe vera, chimbuko lake linaelekezwa kwenye milima ya kaskazini mwa Oman. Wenye nafasi moja tu dirishani wangefanya vizuri kuanza na hiyo.

Chungu na udongo

Kazi kubwa hufanyika hapa, na hapa ndipo pa kutumia fedha.

Chungu cha udongo wa kuchomwa kisichopakwa rangi hupumua pande zote. Maji hupenya ukutani mwake na kukauka kwa nje, hivyo udongo hukauka kutoka kila upande badala ya juu pekee. Chungu cha plastiki, cha vioo au cha kauri iliyong'arishwa hakifanyi hivyo. Katika nyanda kavu plastiki ina faida ya kutunza maji, lakini Pwani faida hiyo hugeuka hasara.

Chungu kisichokuwa na tundu chini hakifai kabisa, hata kiwe kizuri namna gani. Vile vile bakuli za vioo zilizofungwa, zenye mchanga wa rangi na sakulenti tatu ndani yake, ambazo hutolewa zawadi za harusi na za kuhamia nyumba mpya. Hewa iliyomo humo haitoki, na mmea huanza kuoza kabla aliyepewa hajajua jina lake.

Ukubwa nao una maana. Mmea mdogo katika chungu kikubwa umezungukwa na udongo ambao mizizi yake haiufikii, na maji ya udongo huo hayana wa kuyanywa. Chungu kipana kwa vidole viwili kuliko mmea kinatosha.

Wengi huweka tabaka la kokoto chini ya chungu wakiamini linasaidia maji kutoka. Halisaidii. Maji yakishuka katika udongo laini hayavuki kwa urahisi kuingia kwenye kokoto. Hukusanyika juu ya tabaka hilo, na hivyo eneo lililolowa husogea juu, karibu zaidi na mizizi. Kokoto zinapaswa kuchanganywa na udongo wote, kutoka juu hadi chini.

Mchanganyiko unaofaa Pwani ni sehemu mbili za vitu vigumu vyenye punje za ukubwa wa mbegu ya choroko hadi maharage, kwa sehemu moja ya udongo wa mboji iliyooza vizuri. Vitu hivyo vigumu vinaweza kuwa changarawe ya mtoni, matofali ya kuchoma yaliyopondwa, mawe mepesi ya volkano kwa anayeyapata, au chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia. Vyote vichekechwe kwanza ili vumbi litoke, kwa kuwa vumbi ndilo linaloziba mianya.

Mchanga wa ufukweni usitumike. Una chumvi, na punje zake ni ndogo mno. Nyuzi za makumbi ya nazi, ambazo huuzwa kama udongo mwepesi wa maua, hushika maji kwa muda mrefu. Zinafaa kwa mimea inayopenda unyevu, lakini kwa sakulenti za Pwani ni mtego.

Upepo na mwanga

Hewa iliyotulia huacha tabaka la unyevunyevu juu ya udongo na kati ya majani. Upepo mdogo tu hulifagia. Wajenzi wa nyumba za kale za Mji Mkongwe walilijua jambo hilo kwa ajili ya watu, wakaweka ua wa ndani na madirisha marefu ili hewa ipite. Nyumba nyingi za sasa zina madirisha ya vioo vya kusukuma, nyavu za mbu na mapazia mazito, na pembe ya sebule inayopendeza zaidi kwa chungu ndiyo ambayo upepo hauifikii.

Chungu kisogezwe penye njia ya hewa, kati ya dirisha na mlango. Pasipo na njia hiyo, pangaboi linalozunguka polepole linatosha. Vyungu visibanane, na chungu kisikae moja kwa moja juu ya sakafu bali juu ya vipande vidogo vya kigae ili tundu la chini lipumue.

Mwanga huenda pamoja na maji. Mmea uliopo gizani hunywa kidogo, hivyo udongo wake hukaa umelowa muda mrefu zaidi. Dirisha linalotazama mashariki ni bora kwa sakulenti nyingi, kwa sababu jua la asubuhi hukausha umande na unyevu wa usiku bila kuunguza majani.

Maji kwa majira ya pepo

Swali linaloulizwa zaidi ni mara ngapi mmea umwagiliwe, na jibu lisilopendwa ni kwamba kalenda haifai. Njia ya kuaminika ni uzito. Chungu hunyanyuliwa kwa mkono siku kilipomwagiliwa, kisha kila baada ya siku chache, hadi mkono uizoee tofauti. Chungu kizito kinaachwa. Pia kijiti kikavu cha mshikaki kinaweza kuchomekwa hadi chini na kuachwa kwa muda. Kikitoka na udongo uliogandama, bado.

Hata hivyo, mwaka wa Pwani una mpangilio wake. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, mvua ni chache, upepo ni wa uhakika na hewa ni kavu kidogo. Hapo ndipo vyungu hukauka upesi na mmea ulio dirishani unaweza kunywa vizuri, isipokuwa waridi la jangwani, ambalo baadhi ya miti yake hupukutisha majani katika ubaridi wa kipupwe na kuhitaji kuachwa.

Vuli huja na mvua za mkupuo na jua katikati yake. Kaskazi huleta joto, na wengi hukosea hapo wakidhani joto ni kiu. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo majira ya kuuweka mkono mfukoni. Sansevieria iliyo mbali na dirisha inaweza kumaliza mwezi mzima wa Aprili bila tone, na mimea iliyo barazani iingizwe chini ya paa kabla mvua haijakolea.

Maji yanapotolewa, yatolewe asubuhi, kwenye udongo na si juu ya majani, mengi kiasi cha kutoka chini. Kunyunyiza kijiko kimoja kila siku ni kibaya kuliko yote. Sehemu ya juu hubaki imelowa daima, na mizizi ya chini haipati kitu.

Ushauri wa nchi za baridi

Vitabu na maandishi mengi ya mtandaoni kuhusu mimea ya ndani yameandikwa Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako wakati wa baridi mitambo ya kupasha joto hukausha hewa ya nyumba kupita kiasi. Wasomaji wa huko hushauriwa kunyunyizia majani ukungu wa maji na kuweka sahani yenye kokoto na maji chini ya chungu. Ushauri huo ulikusudiwa mimea ya misituni, na hata huko haukulengwa kwa sakulenti. Ukifuatwa Dar es Salaam hauna hata chembe ya maana.

Sahani hizo zina hatari kubwa kuliko kuozesha mmea. Mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengue na kuuma mchana, huzaliana katika maji kidogo yaliyotuama kwenye vyombo vilivyo ndani na kando ya nyumba, na visahani vya vyungu vya maua ni miongoni mwa vyombo hivyo. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kisahani kimwagwe nusu saa baada ya kumwagilia, na kisuguliwe, kwa kuwa mayai ya mbu hao hugandama ukutani mwa chombo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi.

Chumba chenye kiyoyozi

Ofisi yenye kiyoyozi ni nchi nyingine. Mashine hiyo hutoa maji hewani, ndiyo maana bomba lake hudondosha matone nje, na unyevunyevu wa ndani hushuka. Kwa sakulenti hilo si baya. Tatizo ni kwamba ofisi hizo mara nyingi zina vioo vyeusi na mwanga hafifu, hivyo mmea haunywi ingawa hewa ni kavu. Mhudumu anayezungusha jagi la maji kila Ijumaa, kwa nia njema kabisa, ndiye anayeimaliza mimea ya maofisini.

Kosa jingine ni kuuhamisha mmea kutoka humo kwenda nje ghafla. Chungu kilicholala katika chumba cha nyuzi 20 kikitolewa barazani asubuhi ya Machi, majani yake hulowa papo hapo, kama chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Majani ya echeveria na ya haworthia hushika maji hayo katikati, na kuvu huanzia hapo. Ni heri kiyoyozi kizimwe na madirisha yafunguliwe kwa saa moja kabla ya kuuhamisha.

Kiu au kuoza

Mmea wenye kiu na mmea unaooza huweza kufanana, na kufanana huko kumeua mimea mingi. Jani lenye kiu hukunjamana lakini hubaki gumu. Jani linalooza hulainika, huwa kama limejaa maji, hupata rangi ya manjano inayopenyeza mwanga, na hudondoka likiguswa. Ugumu ni kwamba mizizi ikishaoza haiwezi kunyonya maji, kwa hiyo majani ya juu hukunjamana vile vile kama ya mmea wenye kiu. Mwenyewe huongeza maji, na mwisho hufika haraka.

Kanuni ya kufuata ni hii: majani yamekunjamana na udongo umelowa, mmea ung'olewe siku hiyo hiyo. Mizizi yenye afya ni migumu na rangi yake ni nyeupe au ya hudhurungi hafifu. Iliyooza ni myeusi, hunuka, na ganda lake huvuliwa na vidole.

Iliyooza yote ikatwe kwa kisu kilichosafishwa kwa spiriti, hadi ionekane nyama safi isiyo na doa. Hata alama ndogo ya hudhurungi ikiachwa, uozo huendelea kupanda. Kipande kilichobaki hulazwa kivulini, penye upepo, hadi jeraha lifunge na kuwa kavu kama gome. Nyanda za juu siku tatu au nne huweza kutosha kwa shina jembamba. Pwani, wakati wa masika, inaweza kuchukua wiki mbili, na ni vema kipande kikae mbele ya feni. Baada ya hapo hupandwa katika mchanganyiko mkavu, na maji ya kwanza husubiri wiki nyingine.

Anayekata mnyaa au ndugu zake wa jamii ya Euphorbia avae glavu na ajihadhari na macho, kwa kuwa utomvu wake mweupe huunguza ngozi na unaweza kumpofusha mtu kwa muda. Utomvu wa waridi la jangwani nao ni sumu, na katika sehemu kadhaa za Afrika umetumika tangu zamani kupakwa kwenye mishale ya wawindaji. Kisu hicho kisirudishwe jikoni kabla hakijaoshwa, na vipande vilivyokatwa visiachwe sakafuni penye watoto.